Mchezo wa Simu Uishie kwenye Pipa la Maji

Apitaye jioni katika vichochoro vya Kibokoni, Mji wa Kale, huwaona wazee barazani wakicheza bao, na kando yao vijana wameinamia simu. Wazee huwalaumu vijana kwa kupoteza wakati. Lakini bao lenyewe, lenye mashimo 32 na kete 64, ni shule ya hesabu na ya kutazama mbele. Mchezo, basi, haujapata kuwa adui wa elimu. La kuulizwa ni mchezo gani, na unamfunza mtoto nini.

Swali hili lina uzito kwa walimu wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Tangu sekondari msingi ianze Januari 2023, biolojia haisimami peke yake katika ngazi hiyo, bali imeunganishwa na kemia na fizikia katika somo la Sayansi Jumuishi. Aidha, si siri kwamba shule nyingi hazina maabara wala hadubini. Katika hali hiyo, mchezo wa simu unaomwezesha mwanafunzi kuingia ndani ya seli, au kuufuata mzunguko wa damu, haufai kupuuzwa. Akikosea hurudia, wala hachekwi.

Hata hivyo, kushinda mchezo si kuelewa somo. Tuchukue mfano wa mbu. Mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, Mombasa ilikumbwa na chikungunya, maradhi ambayo jina lake latokana na Kimakonde, kwa jinsi yanavyompinda mgonjwa kwa maumivu ya viungo. Huenezwa na mbu aina ya Aedes, aumaye mchana na kutaga mayai katika vyombo vya maji. Kisiwani vyombo hivyo ni tele, kwa kuwa maji ya mfereji hayatoki kila siku na kila nyumba hulazimika kuweka akiba.

Mchezo waweza kumwonyesha mtoto, kwa dakika tano, yai likawa kiluwiluwi, kiluwiluwi pupa, na pupa mbu, kazi ambayo kwenye joto letu huchukua takriban siku kumi. Atapata alama na kushangilia. Lakini je, akirejea nyumbani atalifunua pipa la mamake na kutazama? Atatambua kwamba kiluwiluwi cha Aedes huning'inia kichwa chini, ilhali kile cha Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji? Ikiwa hawezi, ameshinda mchezo na kushindwa somo.

Wako watakaotukumbusha kwamba shule nyingi humkataza mwanafunzi kuja na simu, na kwamba michezo ya kamari imewanasa vijana wengi. Hofu hiyo ni ya haki. Isitoshe, si kila mzazi ana simu ya kisasa au fedha za kununulia intaneti, na haifai mtoto wa maskini aachwe nyuma kwa sababu hiyo. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Sisi twasema wembe huo ukae mkononi mwa mwalimu.

Kwa hivyo, twapendekeza simu au kompyuta-kibao ziwe mali ya shule, zitumiwe kwa makundi na kwa saa maalumu. Michezo iwe ile ichezwayo bila intaneti, na Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala (KICD) iikague kama inavyokagua vitabu. Walimu nao wapewe mafunzo, kwani mwalimu asiyeujua mchezo hawezi kuusahihisha.

Zaidi ya yote, kila mchezo ufuatwe na kazi ya macho na mikono: wanafunzi wayakague mapipa ya nyumbani, wayafunike, na walete darasani hesabu ya walichokiona. Somo likifika hapo, hata wazee wa barazani hawatakuwa na la kulaumu.