Feni Haisikii RAM
Mpwa wangu wa Sinza wiki hii kaniletea orodha ya vifaa vya studio ya chumbani: kompyuta ya RAM ya GB 32, spika mbili kubwa, programu ya bei mbaya. Maiki kaiweka mwisho kabisa, ya bei chee. Nikamuuliza, “Mjomba, na hilo feni la dari?” Akacheka. Urembo wa chungu hauivishi maharage. Mngurumo wa feni utaingia kwenye maiki hata RAM ijae; mwangwi wa kuta tupu hupunguzwa na godoro na mapazia mazito. Na programu ya kurekodi si lazima iwe ya bei mbaya: Reaper, leseni ya mtu binafsi, ni dola 60. Wengi wanaosaka mashine kubwa wananunua kisingizio cha kutorekodi leo. Na kompyuta ya GB 8 ambayo mpwa wangu anayo tayari haijamaliza hata wimbo mmoja.