Mangi Ana Daftari, Mteja Je?

Katika mitaa ya Dar es Salaam, duka la mangi halikosi kaunta buku. Jalada limepauka, pembe zimekunjamana, na kalamu yake imefungwa uzi isije ikaondoka na wateja. Ndani yake wamo Mama Juma, Fundi, Mwalimu na yule wa geti la bluu, kila mmoja na mistari yake: unga kilo mbili, mafuta ya kupima, sabuni, vocha. Anayelipa hukatiwa mstari mbele ya macho yake. Asiyelipa husubiriwa mwisho wa mwezi, na akianza kubisha, mangi hagombani naye, humfungulia ukurasa.

Ajabu ni kwamba mteja huyohuyo, anayekubali kuandikwa na mwenye duka, mwenyewe haandiki chochote. Mangi anajua nyumba ile inamaliza sukari kiasi gani kwa wiki. Baba wa nyumba hajui. Analalamika kuwa mshahara hautoshi, na huenda kweli hautoshi, lakini akiulizwa umekwendaje atataja kodi, umeme na chakula, kisha atanyamaza. Chai na vitafunwa vya kazini, bando la simu, bodaboda ya jioni kwa kuwa mvua ilinyesha, vyote hivyo havimo katika hesabu yake. Shilingi 2,000 za soda na maandazi kila siku ni shilingi 730,000 kwa mwaka, na mlaji wa maandazi hayo ndiye anayezunguka kutafuta mkopo Januari, watoto wanapotakiwa kuwa na sare na madaftari.

Kila mtu mzima na awe na daftari lake la kila siku, aandike alichotumia na alichofanya. Basi.

Wapo watakaosema jambo hili ni dogo mno, kwamba anayetaka kubadilika anahitaji nia thabiti, si karatasi. Nia ni lazima, hakuna anayebisha. Tatizo ni kwamba mwenye nia hana njia ya kujua kama anakwenda mbele au anarudi nyuma, isipokuwa kwa kumbukumbu yake, na kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Humletea zile asubuhi mbili alizowahi kuamka, ikazifukia tano alizopitiwa na usingizi. Mtu huyo anaishi akijiona ni mwamkaji mapema, na wala hasemi uongo, ndivyo anavyokumbuka.

Kina mama wanalifahamu jambo hili kuliko wasomi wengi, kwa sababu ya kadi ya kliniki. Mtoto huning'inizwa kwenye mizani, nesi husoma uzito, huweka nukta kwenye chati, na nukta za mwezi baada ya mwezi huunganishwa zikawa mstari. Mstari ukipanda vizuri, mama hupongezwa na kuambiwa aendelee hivyohivyo. Ukilala, maswali huanza: anakula nini, mara ngapi kwa siku, aliharisha lini, nani anabaki naye mama akienda sokoni? Huenda mtoto mwenyewe bado anacheza na mashavu yamejaa. Mama anayembeba mchana kutwa haoni kuwa uzito umesimama, hasa kwa kuwa anamwona kila saa. Chati inaona, na inaona mapema, wakati uji wenye lishe bado unaweza kumaliza tatizo. Madhara mengi ya maisha huja kwa mwendo huohuo wa polepole. Deni hukua hivyo, kiuno hunenepa hivyo, na baba huzoea kurudi nyumbani watoto wamekwisha kulala, hata siku moja akashangaa kuwa hawana la kuzungumza naye.

Mwenye kudhani daftari ni la watu wa hesabu tu na amtazame mkimbiaji wa Kenya, Eliud Kipchoge. Mwaka 2003, akiwa kijana wa miaka 18, alishinda mbio za mita 5,000 za ubingwa wa dunia huko Paris. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London, na wengi wakaona safari yake imefika mwisho. Mwaka uliofuata akahamia marathoni, akashinda ya kwanza yake huko Hamburg. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, akamaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zile zilipangwa mahususi, hazikuingia katika rekodi rasmi, lakini hakuna binadamu aliyewahi kufika umbali huo chini ya saa 2 kabla yake. Katika miaka yote hiyo amekuwa akiandika mazoezi yake kwa mkono: amekimbia wapi, umbali gani, kwa muda gani, mwili ulijisikiaje. Madaftari yamejaa na yamehifadhiwa. Kambini Kaptagat, chini ya kocha wake Patrick Sang, bingwa huyu hushika zamu ya kusafisha vyoo kama wenzake, na mazoezi huandikwa kama mazoezi ya mtu yeyote, yaliyokwenda vizuri na yaliyokwenda vibaya.

Katika dini nako jambo hili si geni. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya mkusanyiko wake uitwao Ihya kwa ajili ya mtu kujichunga na kujihesabu, akamfananisha na mfanyabiashara anayekaa na mshirika wake jioni kupiga hesabu ya faida na hasara. Mshirika mwenyewe ni nafsi, na Ghazali hakumwamini hata kidogo.

Itasemwa kwamba siku hizi simu inaandika kila kitu. Ujumbe wa muamala huingia hapohapo, tarehe na saa, hadi salio. Ni kweli, ila simu huandika kilichopita kwake tu, na jumbe zile mwenyewe huzifuta ili kupata nafasi ya picha. Mkono unapoandika "soda 1,000" usiku, kichwa nacho hulazimika kuipokea ile soda. Na asiyejua kusoma je? Vikundi vya hisa vya namna ile iliyoanzia Maradi, Niger, mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na ambavyo leo vimeenea Afrika Mashariki, vilikwisha kulijibu swali hilo. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, fedha huhesabiwa mbele ya wote, na kila hisa hugongwa muhuri katika kitabu cha mwanachama. Bibi asiyejua hata herufi moja huhesabu mihuri yake na kujua amefika wapi.

Atakayeanza asijibebeshe mzigo. Daftari la kawaida la shule linatosha, na wakati mzuri ni baada ya chakula cha usiku. Aandike alichofanya, si alichokusudia. Daftari lililojaa maazimio halimfundishi mtu kitu. Asijitukane humo ndani wala asijisifu. "Sikusoma" inatosha, hakuna haja ya kuandika "mimi ni mvivu." Siku aliyosahau aiache wazi, asiijaze kwa kubuni, maana hata nesi huuliza kwanza juu ya mwezi usio na nukta kabla ya kuuliza juu ya nukta iliyoshuka.

Sehemu ngumu ni kusoma. Wengi wataandika wiki tatu kisha wataogopa kufungua kurasa za nyuma, na hapo kazi yote hupotea. Siku ya mwisho ya mwezi, kabla mshahara mwingine haujaguswa, mtu na akae na mwenzake wa nyumbani, wasome ukurasa kwa ukurasa, waamue jambo moja tu la kupunguza na moja la kuongeza mwezi unaokuja, hata kama matumizi ya tarehe 12 yatazusha maneno kati yao.