Nyara za uwindaji: kwa nini karatasi za ng'ambo zinatugusa Nachingwea na Ruangwa

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai, wakati wengi wetu tuko kwenye minada ya ufuta. Ndipo wasikilizaji hutuuliza swali lile lile: mgeni anakuja, anapiga nyati au simba, anaondoka na fuvu na ngozi, mimi nikikutwa na kipande cha nyamapori nafungwa. Yeye anapitaje?

Anapita kwa karatasi, na karatasi zenyewe si moja wala mbili. Tumeona tuzieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu nyingine zinasainiwa mbali sana na Lindi lakini matokeo yake yanafika hadi huku kwetu.

Tuanze na neno lenyewe. Nyara ni sehemu yoyote ya mnyamapori: pembe, jino, ngozi, kwato, mkia, hata nyama. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya Serikali, na ndiyo maana mahakamani husikia maneno "nyara za Serikali". Anayekutwa nazo bila kibali anaweza kushtakiwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, na vifungo vya miaka 20 tumevisikia mara nyingi. Mwindaji mgeni naye hapewi mnyama bure. Ananunua leseni inayotaja aina ya mnyama na idadi, anawinda ndani ya kitalu kilichotajwa, akiwa na mwindaji bingwa wa kampuni na askari wa wanyamapori anayesimamia. Mnyama akianguka, askari anaandika: aina, jinsia, mahali, tarehe, vipimo. Hata aliyejeruhiwa akatokomea porini huandikwa na kulipiwa.

Hapo ndipo safari inapoanza. Ngozi inachunwa na kupakwa chumvi nyingi kambini, fuvu linachemshwa mpaka nyama yote itoke. Vitu hivyo vinasafirishwa kwa gari hadi Dar es Salaam au Arusha kwa mafundi wa kuvisafisha, kuviua wadudu na kuvifunga. Daktari wa mifugo lazima athibitishe kwamba mzigo hauna hatari ya kupeleka magonjwa kama kimeta au ugonjwa wa miguu na midomo. Mamlaka za wanyamapori zinalinganisha kila kipande na leseni na fomu ya kambini kabla ya kutoa hati ya kusafirisha. Forodha nao wana zao. Hata kasha la mbao lina masharti: mbao lazima ziwe zimepitishwa kwenye joto au dawa na kupigwa muhuri wa kimataifa, zisibebe wadudu wa miti.

Kwa nyati, pofu, palahala au kongoni, mambo ya upande wetu karibu yanaishia hapo. Wanyama hawa hawamo kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, unaoitwa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Kiboko, mamba, simba, chui na tembo wamo, na kwao kibali cha mkataba ni lazima.

Chui na tembo ndio wenye mlolongo mkali zaidi. Chui wa Tanzania wana mgao wa ngozi zisizozidi 500 kwa mwaka kwa nchi nzima, na mtu mmoja haruhusiwi kuingiza kwao zaidi ya mbili kwa mwaka. Kila ngozi hufungwa lakiri isiyofunguka, yenye jina la nchi, mwaka, na namba inayoonyesha ni ya ngapi katika mgao. Jino la tembo hupigwa alama isiyofutika: herufi za nchi, namba ya mfululizo na mwaka, kisha uzito wake kwa kilo. Herufi zetu ni TZ. Alama hiyo ikikosewa tarakimu moja, mzigo unaweza kuzuiwa bandarini upande wa pili na usirudi kwa mwenyewe tena.

Kuna jingine linalowasumbua wawindaji. Kibali cha CITES cha kutoa mzigo nchini kina uhai wa miezi sita tu. Kwa tembo na chui, mkataba unataka pia kibali cha nchi inayopokea. Kwa hiyo watu wa Tanzania wanaweza kumaliza kazi yao vizuri, mzigo ukakaa ghalani ukisubiri ofisi ya Marekani au Ulaya iamue, na kibali cha huku kikafa kwa muda. Utaratibu wa kibali unaanza upya.

Mzunguko huu wa karatasi si uzembe wa makarani tu. Kila karatasi ina kisa chake, na kisa kikubwa kimetokea jirani na sisi. Hesabu ya tembo ya mwaka 2013 katika mfumo ikolojia wa Selous ilipata tembo 13,084, wakati mwaka 2009 walihesabiwa karibu 39,000. Tembo waliuawa na majangili kwa maelfu katika mapori ambayo Liwale na majirani zake wanayajua vizuri. Aprili 2014 Marekani ikasimamisha kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe, ikisema haioni ushahidi kwamba uwindaji huo unasaidia tembo kuendelea kuwepo. Juni mwaka huo huo UNESCO ikaiweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Mwaka uliofuata ukawa mgumu zaidi. Julai 2015 simba aliyeitwa Cecil aliuawa Zimbabwe na mwindaji wa Kimarekani, dunia ikachemka. Mashirika makubwa ya ndege ya Marekani, Delta, American na United, yakatangaza kutobeba nyara za simba, chui, tembo, faru na nyati. Nyati hayumo kwenye orodha ya CITES, lakini ndege zilimkataa pamoja na wengine. Ufaransa ikazuia nyara za simba Novemba mwaka huo. Umoja wa Ulaya ulikuwa tayari umeanza kudai kibali cha kuingiza nyara za simba na kiboko, ambazo zamani zilipita kwa kibali cha nchi zinakotoka. Kuanzia Januari 2016 Marekani nayo ikataka kila nyara ya simba kutoka Mashariki na Kusini mwa Afrika iombewe kibali, na mwombaji aonyeshe kwamba uwindaji wake una faida kwa simba wenyewe. Uingereza ilijaribu sheria ya kuzuia nyara kabisa; muswada ulipita Bunge la chini Machi 2023 ukakwama Baraza la Malodi. Ubelgiji ilipitisha ya kwake mwaka 2024, na mwaka huo huo Marekani ikaongeza masharti ya tembo: nchi inayotoa nyara itoe uthibitisho kila mwaka kuhusu hali ya tembo wake na fedha za uwindaji zinatumikaje.

Mteja wa tembo au simba halipi fedha nyingi apate picha tu. Akijua jino litabaki ghalani Dar es Salaam, anakwenda kuwinda nchi nyingine au haji kabisa. Kampuni ikikosa wateja, inarudisha kitalu. Katika miaka hiyo vitalu vingi vilirudishwa serikalini. Oktoba 2017 aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Hamisi Kigwangalla, alitangaza kwamba vitalu vitagawiwa kwa mnada, na mnada wa mtandaoni ukaanza mwaka 2019. Mwaka huo huo sehemu kubwa ya kaskazini ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako hakuna uwindaji. Eneo la kusini, upande wetu, limebaki pori la akiba.

Sasa mashamba yetu yanaingiaje? Wapo wanaotuambia: hao wawindaji wakirahisishiwa makaratasi, tembo watapungua mashambani. Hapa hatukubaliani nao. Mwindaji wa kitalii anatafuta dume mzee mwenye jino la kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Chini ya hapo kanuni haziruhusu. Mgao wa nchi nzima ulishapunguzwa kutoka meno 200 hadi 100, yaani tembo 50. Kati ya tembo wanaoingia usiku kwenye mahindi au kufuata mabibo chini ya mikorosho wamo pia majike na watoto wao. Hao hakuna leseni ya kitalii inayowagusa. Tembo wanaokula Nachingwea na Ruangwa hawatapunguzwa na mteja kutoka Texas.

Kinachotugusa ni fedha. Kwa utaratibu uliotumika miaka mingi, asilimia 25 ya mapato ya uwindaji wa kitalii hurudi kwenye halmashauri yenye kitalu, na jumuiya za hifadhi za vijiji, kama Magingo kule Liwale, zina mgawo wao. Hizo ndizo fedha zinazotarajiwa kulipa posho ya askari wa wanyamapori wa vijiji, mafuta ya gari la doria, mabomu baridi na vilipuzi vya kufukuzia tembo. Lakini fedha hufuata kitalu, hazifuati nyayo. Tembo akitoka porini akavuka hadi kijiji cha Ruangwa kisicho na kitalu, mapato yake yamebaki alikotoka na hasara yake imehamia hapo. Kwa maoni yetu, hilo lingefaa kujadiliwa kwenye mabaraza ya madiwani kuliko bei ya ngozi ya chui.

Na sisi tuna karatasi zetu. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa familia iliyopoteza mtu kwa mnyama mkali, na kifuta jasho cha mazao cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kisizidi ekari tano. Shamba lililo ndani ya mita 500 za mpaka halikupewa kitu. Wabunge wa Kusini wamevilalamikia viwango hivi mara nyingi, kwa hiyo muulize afisa wanyamapori wa wilaya vinavyotumika sasa. Njia ya maombi inaanzia ofisi ya kijiji, inapita kwa afisa wanyamapori anayekuja kupima uharibifu, halmashauri, kisha wizarani. Mkulima aliyesubiri siku nyingi ndipo akaripoti, nyayo zimefutika na mahindi yameoza, anakwama kama jino lenye namba iliyokosewa.

Kwa hiyo tembo akiingia shambani, toa taarifa kijijini siku hiyo hiyo, piga picha kwa simu nyayo na mazao yaliyolala, na usilime upya kabla ya kupimiwa. Omba jina la aliyepokea taarifa na tarehe yake, uandike. Ukikuta jino, pembe au mzoga porini, usiuguse wala kuubeba nyumbani hata kwa nia ya kuupeleka kituoni kesho. Mjulishe mtendaji wa kijiji, askari wa wanyamapori au polisi, nao waje walipo. Nyamapori ya halali inauzwa kwenye mabucha yenye leseni, na risiti yake ni ya kutunza mpaka chungu kiishe.

Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mwombeni diwani awasomee mgawo wa uwindaji uliopokelewa na halmashauri mwaka wa fedha uliopita, na ulitumika wapi. Marekani inataka kusomewa hesabu ya namna hiyo kila mwaka kabla ya kupokea jino moja.