Wahindi wa Singapore: Wasaliti au Vibaraka?

Jeshi la Kitaifa la India, lililopigana upande wa Japani katika Vita vya Pili vya Dunia, husemwa mengi. Mengi hayo hayasimami.

Waliwasaliti Waingereza, wanasema. Singapore iliposalimu amri tarehe 15 Februari 1942, askari Wazungu walipelekwa kambi ya Changi. Askari Wahindi wa jeshi la Waingereza waliamriwa kukusanyika peke yao uwanjani Farrer Park. Siku mbili baadaye Luteni Kanali Hunt, Mwingereza, aliwakabidhi hadharani kwa Meja Fujiwara wa Japani na kuwaagiza wamtii. Maofisa wao waliwaacha mikononi mwa adui, kisha wakadai uaminifu!

Wengine hushikilia kwamba ni njaa ya kambini tu iliyowasukuma mateka hao kujiunga na Jeshi la Kitaifa. Kuna ukweli hapo: maelfu waliokataa walisafirishwa New Guinea kufanyishwa kazi za suluba, na wengi walifia huko. Lakini Watamil wa mashamba ya mpira ya Malaya hawakuwa mateka wa mtu, nao walijiandikisha kwa maelfu baada ya mpigania uhuru Subhas Chandra Bose kufika kuliongoza jeshi hilo Julai 1943. Hata wanawake walipata kikosi chao, kilichoongozwa na daktari Lakshmi Swaminathan.

Vibaraka wa Japani? Mohan Singh, kamanda wa kwanza, alidai ahadi za maandishi kutoka Tokyo. Hakuzipata, akagoma, na Desemba 1942 Wajapani wakamtia mbaroni. Hata hivyo Bose simsafishi. Watamil wengine wa mashamba hayohayo walikuwa wakifa kwenye reli ya Burma, chini ya viboko vya Wajapani, naye akaendelea kuwasifu wakubwa wa Tokyo.

Kwamba waliikomboa India kwa bunduki, hilo ni kujitukuza. Mwaka 1944 walishindwa Imphal, njaa na malaria vikawamaliza. Waliowafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, Burma, baada ya hapo ni pamoja na askari wetu wa Keya (King's African Rifles), nao wakitumikia ufalme usiowapa kura. Kilichoitikisa Delhi ni kesi ya Ngome Nyekundu, Novemba 1945: maofisa watatu wa Jeshi la Kitaifa, Shah Nawaz Khan Mwislamu, Sahgal Mhindu na Dhillon Singasinga, kizimbani pamoja. Maandamano yalizagaa, na kifungo cha maisha walichohukumiwa kikafutwa. Februari 1946 mabaharia wa Bombay wakaasi.

India ilipata uhuru 1947. Jeshi lake halikuwarudisha kazini askari wa Jeshi la Kitaifa.