Lenzi ya Mzee, Kamera ya Kijana: Zitaelewana?

Haya wapendanao wa Tunduma, Vwawa mpaka kule Ikinga, leo tuongee kamera za mkanda. Tuseme bibie kanunua kamera ya miaka ya 1990, harusi iko mlangoni. Baba mkwe naye kafungua sanduku, katoa lenzi ya ujana wake, kawapa kwa moyo mweupe. Mtaikataa? Mtaifunga tu? Taratibu jamani!

Jina moja si ukoo mmoja. Nikon wametumia mdomo uleule wa kufungia lenzi tangu 1959, lakini mwaka 1977 walibadilisha namna lenzi inavyoiambia kamera ukubwa wa tundu la mwanga. Lenzi ya kabla ya hapo, ukiizungusha kwa nguvu kwenye kamera ya baadaye, inaweza kuvunja kidole kidogo kilicho pembeni ya mdomo. Nikon FM ya 1977 ina kidole kinachokunjwa, kwa hiyo inaipokea. FM2 ya 1982 haina. Angalia pete ya lenzi: safu mbili za namba za tundu, kubwa na ndogo, ni dalili nzuri. Safu moja? Mpelekee fundi kwanza.

Halafu kuna ndoa ya kimya kimya. Lenzi ya mkono ya 1980 inaingia vizuri kwenye Nikon F80 ya mwaka 2000, ila kipima mwanga hakifanyi kazi. Mtapiga kwa kukisia, au mtumie kipima mwanga cha pembeni.

Wenye Canon, poleni. Mwaka 1987 kampuni ilileta EOS na mdomo mpya kabisa. Lenzi za FD za zamani haziingii. Ukiweka adapta isiyo na kioo, uso wa bibi harusi ukiwa karibu sana utaonekana, lakini milima ya Ileje nyuma yake haitakaa sawa hata ufanyeje.

Ajabu ni kwamba mgeni anaweza kuelewana na nyumba kuliko ndugu. Ile Helios ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa, iliyokuja na kamera za Zenit za Urusi, inakaa kwenye EOS au Pentax kwa adapta ya kawaida, na mbali inaona. Utafokasi na kufunga tundu kwa mkono, basi.

Ushauri wangu? Msilazimishe, na msiitupe. Pigeni mkanda mmoja wa majaribio na kuusafisha kabla ya siku yenyewe, maana harusi hairudiwi. Zikigoma kabisa, itafutieni lenzi ya mzee kamera ya rika lake, kisha mpigeni yeye picha ya kwanza. Atajua zawadi yake imepokelewa.