Mlima wa Mbali na Baridi ya Shambani Kwetu

Wakulima wa Meru na Embu,

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu hutanda na baridi hutuingia mifupani. Je, Mlima Kenya ndio unaoileta baridi ikizidi? Mlima wetu ulikuwa volkano kweli, lakini moto wake ulizimika zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Umetuachia udongo mwekundu unaolisha kahawa na chai.

Lakini mlima wa mbali waweza kupoza dunia. Mnamo Juni 1991 mlima Pinatubo, nchini Ufilipino, ulirusha juu tani milioni 15 hivi za hewa ya kiberiti. Hewa hiyo ilipanda juu kupita mawingu, pasipo mvua ya kuiosha. Huko ikageuka matone madogo sana, yakaenea duniani kote, yakazuia sehemu ya mwanga wa jua. Mwaka 1992 joto la dunia lilipungua kwa nusu digrii hivi. Zamani, Tambora wa Indonesia ulipolipuka mwaka 1815, Ulaya ilikosa kiangazi mwaka 1816, na njaa ikafuata.

Si kila volkano hufanya hivyo. Nyiragongo uliunguza mji wa Goma mwaka 2002, lakini haukupoza dunia. Wala mvua kubwa za 1961 na 1997 hazikutoka mlimani. Zililetwa na joto la bahari.

Tena, nusu digrii ni wastani tu. Baada ya Pinatubo, Ulaya ya kaskazini ilipata majira ya baridi yenye joto kuliko kawaida! Basi wastani wa dunia utamfaa nini mkulima wa Runyenjes, ambaye hata mvua yake si sawa na ya Siakago?

Kwa maoni yangu, kila chama cha ushirika na kila shule yapasa kuwa na kipima mvua, kipima joto na daftari. Mtasema hiyo ni kazi ya serikali. Lakini ugonjwa unaoozesha buni changa hupenda baridi na unyevu, na hasara yake ni ya mwenye shamba. Anayejua baridi imezidi ya mwaka jana hunyunyiza dawa mapema.

Someni vipimo kila siku saa tatu asubuhi, mkaandike. Na kwa kuwa baridi ya volkano kubwa huweza kudumu miaka miwili au mitatu, msiuze mahindi yote ghalani.