Kiraka Kilikuwapo, Hakikutiwa

Tarehe 12 Mei 2017 mnyoo wa kompyuta ulioitwa WannaCry ulianza kuenea, na hatimaye ukazikumba nchi zaidi ya 150. Mnyoo huo haukumngoja mtu afungue barua yenye hila. Ulijipenyeza wenyewe kutoka mashine hadi mashine, ukazifunga kumbukumbu zilizomo na kudai malipo. Huko Uingereza baadhi ya hospitali zilirudia kalamu na karatasi. Ilikadiriwa kuwa miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilivunjwa.

La kusikitisha ni kwamba tundu ulimopitia mnyoo huo lilikwisha kupatiwa dawa. Kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka, yaani marekebisho ya programu ya Windows, tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Maonyo yalipelekwa hospitalini Machi na Aprili. Kila mtumishi anaijua safari ya waraka wa namna hiyo: hugongwa mhuri, hutiwa jaladani, na utekelezaji ukaishia hapo.

Wapo watakaosema kwamba kutia viraka husimamisha kazi. Ni kweli, na baadhi ya mitambo ya hospitali haiguswi bila mtengenezaji wake. Lakini kompyuta ya karani, au ile ya mwalimu mkuu itunzayo alama za mitihani, ina udhuru gani? Wakuu wa ofisi na shule hawana budi kuulizwa: ni nani aliyekabidhiwa kazi hii, na aliifanya lini mara ya mwisho?